Imetokana na Kisa cha Kweli: Maswali Mnayouliza Kila Jumamosi Taa Zikiwashwa

Kila Jumamosi jioni tunaonyesha filamu hapa Area C, Dodoma, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Tuna projekta moja, viti vya plastiki, na shuka jeupe lililopigiliwa misumari minne. Mara nyingi tunachagua filamu za maisha ya watu waliokuwepo kweli. Taa zikiwashwa maswali huwa ni yale yale, na majibu yake ni marefu kuliko muda tunaobaki nao kabla vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma hawajakimbilia daladala. Ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Maneno "imetokana na kisa cha kweli" yana maana gani hasa?

Yana maana ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtengenezaji mmoja anaweza kuyaweka juu ya filamu iliyofuata kumbukumbu za mahakama hatua kwa hatua. Mwingine atayaweka juu ya filamu ambayo cha kweli ndani yake ni jina la nchi na sura ya rais. Hakuna mizani inayowapima kabla.

Cha kuangalia ni kisa kimepita mikono mingapi hadi kukufikia. The Last King of Scotland, filamu ya 2006 kuhusu Idi Amin, haikuchotwa moja kwa moja kwenye historia ya Uganda. Ilitoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Historia ilipita kwa mtunzi wa riwaya, ikapita kwa walioandika muswada wa filamu, ikapita kwa muongozaji na mhariri, ndipo ikaja kutua kwenye shuka letu. Kila mkono uliongeza chumvi yake na kupunguza kitu.

Kwa nini wasionyeshe tu ilivyokuwa?

Kwa sababu maisha ya mtu hayana umbo la filamu. Gandhi aliishi miaka 78. Filamu yake ya 1982 ni ndefu, saa tatu na dakika kadhaa, na bado inafunguka kwa maandishi yanayokiri kwamba maisha ya mtu hayawezi kuenea katika simulizi moja. Naiheshimu sana filamu ile kwa maandishi hayo peke yake.

Halafu tupo sisi watazamaji. Tunataka stelingi, na tunataka adui mwenye sura. Katika maisha, adui mara nyingi si mtu. Ni barua iliyochelewa, ni deni, ni homa, ni ofisi yenye watu kumi na wawili ambao kila mmoja alifanya kosa dogo. Ofisi haiwezi kuigizwa, kwa hiyo makosa ya kumi na wawili anabebeshwa mmoja, anakunjishwa uso, nasi tunamzomea.

Na kuna wenye haki. Huwezi kutengeneza filamu ya mwanamuziki bila nyimbo zake, na nyimbo zina wenyewe. Brian May na Roger Taylor wa bendi ya Queen walishiriki kutengeneza Bohemian Rhapsody, filamu ya mwimbaji wao Freddie Mercury. Sisemi kwamba walidanganya. Nasema mtu akiwa amekaa mezani wakati habari zake zinaandikwa, kalamu huwa na haya mbele yake.

Ni vitu gani hasa hubadilishwa?

Wakati ndio wa kwanza: mambo ya miaka mitano yanabanwa yaonekane ya kiangazi kimoja. Maneno yanafuata, maana mazungumzo ya chumbani hayakurekodiwa na mtu, na karibu yote unayoyasikia yametungwa. Kisha watu: watatu wanaunganishwa kuwa mmoja, au anaundwa ambaye hakuwepo kabisa.

Kuna mabadiliko ninayoyakubali. A Beautiful Mind ya 2001 inasimulia habari za John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyeugua akili. Nash wa kweli alikuwa akisikia sauti. Filamu imempa watu wa kuonekana, anatembea nao, anazungumza nao. Huo ni uongo kuhusu dalili za ugonjwa wake, lakini unamfanya mtazamaji naye adanganyike, aamini, kisha ashtuke kama mgonjwa anavyoshtuka. Sinema ni kazi ya macho, na pale waongozaji walitafuta njia ya kupitisha jambo la masikioni.

Yapo mengine siyakubali. Braveheart ya 1995 inaonyesha mapigano ya Stirling ya 1297, ambayo kwenye historia huitwa mapigano ya Daraja la Stirling. Katika filamu daraja halipo! Wanapigana uwandani. Lakini daraja ndilo lililowapa Waskoti ushindi: Waingereza walikuwa wakivuka wachache wachache, wakashambuliwa kabla wenzao hawajafika ng'ambo. Ukiondoa daraja umeondoa akili ya watu wale, ukawaachia ujasiri na kelele tu.

Freddie Mercury ni Mzanzibari kweli? Mbona Zanzibar haionekani kwenye filamu?

Ni kweli. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Alisoma shule ya bweni India, akarudi Unguja, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Filamu ya 2018 inamchukua akiwa tayari London, kijana anayebeba mizigo uwanja wa ndege. Utoto wote umebaki nje ya fremu. Kwa sisi tunaotazama kutoka huku ni pengo kubwa, ila sihesabu kuwa ni uongo. Kila filamu ina mahali inapoanzia.

Kinachonisumbua ni kalenda. Filamu inaonyesha Queen imesambaratika, Freddie amekwenda zake kufanya albamu ya peke yake, wenzake wamekasirika, kisha wanapatana ili wapande jukwaa la tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Siku chache kabla ya hapo anawaambia kwamba ana virusi vya UKIMWI.

Ukweli ni kwamba bendi haikuwa imevunjika. Ilitoa albamu 1984 na ilikuwa ziarani hadi mwezi Mei 1985. Mpiga ngoma Roger Taylor ndiye aliyetangulia kutoa albamu ya peke yake, mwaka 1981. Na kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, Freddie aligundulika na ugonjwa 1987, miaka miwili baada ya Live Aid.

Mtu atasema, miaka miwili ni nini? Ukiupanga wakati vile, ugonjwa unakaa mahali pa adhabu: aliwaacha wenzake, akazurura na watu wabaya, akaugua, akarudi kuomba radhi. Hakuna mhusika anayetamka hukumu hiyo, lakini mpangilio wa matukio unaitamka. Tumeishi na UKIMWI nchi hii tangu miaka ya themanini. Tunajua mtu kuambiwa "umejitakia" kunavyoua kabla ya ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana badiliko hili dogo la tarehe limenikaa rohoni kuliko kosa lolote la mavazi.

Yule daktari Mskoti wa Idi Amin alikuwepo?

Hakuwepo. Nicholas Garrigan, daktari wa The Last King of Scotland, ametungwa. Wako wanaosema ana vipande vya Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa Amin, lakini daktari kijana wa namna ile, kipenzi cha rais, hayumo katika historia.

Niliitazama filamu hii mara ya pili nikiwa na baba mdogo. Yeye alikuwa mmoja wa vijana wa Dodoma waliokwenda Kagera, baada ya majeshi ya Amin kuingia nchini Oktoba 1978 na Mwalimu kutangaza kwamba sababu, uwezo na nia vyote tunavyo. Baba mdogo ni Mgogo wa Bahi, mtu wa ugali wa uwele na mlenda. Akisimulia vita huanza na migomba: kwamba hakuwahi kuona nchi yenye kijani na tope kiasi kile, na ndizi asubuhi, mchana na jioni. Alikaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya darizi ameishika magotini. Hakusema neno mpaka mwisho.

Kisha akaniuliza, "Huyu daktari mzungu alikuwepo?"

"Hapana, baba. Ametungwa."

Akaigeuza kofia mara mbili mkononi. "Sasa waliokuwepo wamewekwa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Forest Whitaker alimwigiza Amin vizuri hata akapata tuzo ya Oscar, na sitamnyima sifa hiyo. Lakini kisa kile kinaishia Entebbe mwaka 1976, daktari anapopenyezwa kwenye ndege pamoja na mateka walioachiwa wa ndege iliyotekwa. Kagera haimo. Kampala ya Aprili 1979, Waganda na Watanzania wakiingia mjini, haimo. Amin anabaki kuwa mkasa uliompata Mskoti mmoja.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni la Kay, mke wa Amin. Katika filamu Kay anapendana na Garrigan, anashika mimba yake, na Amin anaamuru auawe na akatwekatwe. Kay alikuwepo kweli. Amin alimpa talaka 1974, na mwaka huohuo mwili wake ulikutwa umekatwa vipande. Daktari aliyehusishwa na mkasa wake alikuwa Mganda, na alikufa wakati uleule. Wengi wanaamini Kay alifia katika jaribio la kutoa mimba, ingawa undani wake unabishaniwa hadi leo. Filamu imemwondoa daktari Mganda ikamweka Mskoti mahali pake, na kifo chenye maswali ikakipa jibu moja. Amin alikuwa na damu nyingi mikononi ambayo haina ubishi. Hakukuwa na haja ya kumtungia nyingine kwa mwili wa mama wa watoto ambao wana ndugu hadi leo.

Tangu siku ile swali la baba mdogo ndilo ninaloliuliza kwanza kwa kila filamu ya wasifu: nani ameongezwa, na amekalia kiti cha nani?

Niliitazama ikiwa imetafsiriwa na DJ. Je, ni filamu ileile?

Siyo kabisa. Tangu enzi za msimulizi Lufufu tumezoea sauti ya Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, na naipenda kazi hiyo. Imewafungulia sinema watu ambao Kiingereza kingewafungia mlango. Lakini DJ hatafsiri tu, anasimulia. Anaongeza methali, anafupisha hotuba, anampa mtu jina la mtaani, na mahali asipoelewa anajaza. Katika kibanda kimoja cha Chang'ombe nilisikia msimulizi akisema kwa uhakika wote kwamba daktari Garrigan "mpaka leo yupo Uingereza, ni mzee." Watu arobaini walitoka pale wakiwa na hakika hiyo. Ukipenda kujua kisa cha kweli, uliza pia sauti uliyoisikia ilikuwa ya nani.

Mbona hata waandishi wetu wanabadilisha historia? Kwani wazungu peke yao?

Swali zuri, na jibu ni ndiyo, wanabadilisha. Masimulizi ya Fumo Liyongo yamemkuza shujaa yule mpaka hauwawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna aliyewahi kuuita utenzi ule uongo, kwa kuwa msikilizaji na msimulizi walikuwa wameelewana tangu mwanzo ni chombo gani wanapanda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Kinjeketile Ngwale alikuwepo, Ngarambe ipo, na Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907. Kinjeketile wa jukwaani ana shaka na mateso ya moyo ambayo hakuna mtu wa Ngarambe aliyeyaandika. Lakini Hussein alisema wazi mwanzoni mwa kitabu kwamba mhusika wake amefinyangwa kwa mahitaji ya sanaa, na kwamba tamthilia isipimwe kwa historia. Ni kurasa chache tu za maelezo, na zinamwachia msomaji heshima yake. Filamu nyingi zina dakika nne za majina ya madereva na wapishi mwishoni. Zingeweza kupata sekunde kumi za kutuambia ni mhusika gani ametungwa.

Hotel Rwanda ni ya kweli au si ya kweli?

Mauaji ya kimbari ya 1994 ni ya kweli, hoteli ya Mille Collines ya Kigali ipo, na watu zaidi ya elfu moja walisalimika ndani yake. Hapo hakuna ubishi. Ubishi upo kuhusu waliokolewa vipi. Filamu ya 2004 inampa meneja, Paul Rusesabagina, karibu kazi yote. Baadhi ya manusura wamepinga picha hiyo, wakasema alidai malipo kwa waliokimbilia pale, na kwamba walinda amani wa Umoja wa Mataifa walifanya zaidi ya inavyoonyeshwa. Yeye amekana. Kamanda wa walinda amani hao alikuwa Mkanada, Roméo Dallaire. Kwenye filamu nafasi yake imekaliwa na Kanali Oliver, jina la kutungwa.

Sisi Watanzania tuna bahati ya pekee hapa. Georges Rutaganda, kiongozi wa wanamgambo wa Interahamwe anayeigizwa ndani ya filamu kwa jina lake, alishtakiwa Arusha katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999. Hukumu yake ipo, inasomeka, na ina sauti za mashahidi. Wiki tuliyoonyesha filamu hii nilichapisha kurasa kadhaa na kuziweka mlangoni. Vijana walizisoma wamesimama, na mjadala wa siku ile haukufanana na wa siku nyingine.

Nikiipenda filamu iliyobadilisha ukweli, ni kosa?

Hapana. Nami nimelia kwenye nyingi.

Familia ya mtu isipoipenda filamu, inaweza kufanya nini?

Kwa kawaida ni kusema tu. Jamaa wa mpiga piano Don Shirley walilalamika hadharani kuhusu filamu ya Green Book, wakisema urafiki unaoonyeshwa kati yake na dereva wake haukuwa vile. Filamu ilitoka kwa upande wa dereva, kwani mwanawe alikuwa mmoja wa walioiandika. Mwaka 2019 ikachukua Oscar ya filamu bora. Malalamiko yapo, lakini hayaonyeshwi kwenye ukumbi wenye viti mia tatu.

Ipi mnaweza kuitaja kama mfano mzuri?

Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair. Ni habari za Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akiuza mahindi Katwe, Kampala, akajifunza sataranji na kufika mashindano ya dunia. Nayo imebana na kupanga upya kama nyingine zote. Lakini ilipigwa picha Katwe kwenyewe, na stelingi wake hakuhitaji mgeni wa kumwelezea. Mama yake, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, ana uchovu wa kweli wa mama anayetafuta kodi ya chumba. Na mwishoni kila mwigizaji anasimama kando ya mtu aliyemwigiza. Phiona yuko pale, mama yuko pale, kocha Robert Katende yuko pale. Unawatazama wawili wawili, na tofauti ya nyuso unaiona kwa macho yako.

Ingetengenezwa filamu ya Hukwe Zawose, ingekuwaje?

Swali hili liliulizwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, na natamani kila mtengenezaji wa Dodoma alisikie. Zawose alikuwa Mgogo wa hapa kwetu, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, bingwa wa ala za muziki za ilimba na zeze, mwenye sauti iliyoweza kushuka kifuani na kupaa utosini katika pumzi moja.

Najua mtego utakapokuwa. Zawose alirekodi na studio ya Real World ya Uingereza na kuzunguka dunia. Mwandishi mvivu ataanza na mzungu mwenye vipaza sauti anayemkuta mchunga ng'ombe porini. Huyo mzungu atakalia kiti cha watu wengi. Zawose alikuwa tayari msanii mkubwa wa taifa na mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alitoka kwenye ukoo wa wapigaji, na wanawe na nduguze walipiga pamoja naye. Na alitoka kwa Wagogo, ambao wanawake wao ndio wapiga ngoma wa muheme, ngoma kati ya mapaja, mikono ikipishana hadi vumbi linapanda. Mimi ningeanza na akina mama hao. Ningeweka dakika nzima ya mikono yao kabla hatujamwona yeye.

Nataka kutengeneza filamu ya mzee wa familia yangu. Nianzie wapi?

Kibali kwanza, maana wengi hujisahau: kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976 unatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, na muswada wako utasomwa. Kibali cha ndugu hakipo kwenye sheria hiyo, lakini kitafute pia. Kaa na shangazi, kaa na mama mkubwa, waambie utaonyesha nini na nini utatunga.

Kisha rekodi kabla ya kuandika chochote. Simu inatosha. Usimuulize mzee mwaka, muulize mvua: ilikuwa kabla ya kupalilia au baada ya kuvuna? Muulize alikuwa amevaa nini miguuni. Mwache asimulie hadi mwisho bila kumkatiza, kisha rudi baada ya mwezi umwombe kisa kilekile.

Nilifanya hivyo kwa baba mdogo. Ana rafiki, kijana wa Kondoa, ambaye hakurudi kutoka Uganda. Mara ya kwanza aliniambia usiku ule mvua ilikuwa kubwa, hawakuonana hata kwa hatua mbili. Mara ya pili akasema mbalamwezi ilikuwa kali kiasi kwamba aliuona uso wa mwenzake vizuri wakati anaanguka. Sikumsahihisha. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari, mvua ukurasa wa kushoto, mbalamwezi wa kulia.